Kutoka Heru Juu hadi Kagerankanda: njia ya kura Kasulu

Ukitaka kuijua siasa ya Kasulu, mkoani Kigoma, anzia Heru Juu, kilimani, kwenye makao ya zamani ya Mwami, yaani chifu, wa Heru. Hapo ndipo alipotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika uchifu enzi ambazo karibu machifu wote wa Tanganyika walikuwa wanaume, kisha akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuketi bungeni. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Tangu hapo, sauti ya Waha wa Heru kufika serikalini ilitegemea sanduku la kura.

Mwaka 1965 uchaguzi wa chama kimoja uliwapa wagombea alama mbili tu: jembe na nyumba. Asiyejua kusoma alitazama picha, akampigia mtu wake. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka mabondeni na vilimani kuwaweka katika vijiji vya pamoja, na vijiji hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa vituo vya kura.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, Kasulu iligawanywa kwa dira: Kasulu Mashariki na Kasulu Magharibi. Majimbo hayo leo hayapo. Mwaka 2010 wapiga kura walikuta majina mapya, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini, na yote mawili wakayapa chama cha NCCR-Mageuzi: Moses Machali mjini, Agripina Buyogera vijijini. Chama hicho kilipata wabunge wanne wa majimbo nchi nzima, na wote walitoka Kigoma. Daniel Nsanzugwanko, aliyekuwa mbunge wa Kasulu Mashariki, alirejea bungeni mwaka 2015 kupitia Kasulu Mjini.

Katiba, ibara ya 75, inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo kwa kuangalia hali ya kijiografia na njia za mawasiliano. Ni vigezo vya haki. Lakini mji ukishatengwa na vijiji, mbunge wa mjini hubanwa na madai ya maji ya bomba, lami na soko. Madai ya shambani humwangukia mwenzake peke yake.

Ndiyo maana nasisitiza safari hii iishie kijijini Kagerankanda. Shika barabara ya Kibondo, fika Makere, uliko mchepuko wa kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha ingia ndani kuelekea msitu wa hifadhi wa Makere Kusini. Huko swali la uchaguzi ni moja: tulime wapi? Wakulima wa mahindi, maharage na muhogo walivutana na hifadhi kwa miaka mingi, hadi Rais John Magufuli, alipozuru Kasulu mwaka 2017, akaagiza wapewe sehemu ya eneo hilo walime.

Maharage ya Kagerankanda huuzwa sokoni Kasulu, na mama wa mjini anayeyapika anaguswa na mgogoro huo sawasawa na aliyeyapanda. Wabunge wa Mjini na Vijijini wanapaswa kuubeba pamoja. Na Tume inapochora mpaka mpya, iwaulize pia wakulima wa pembezoni, maana wao ndio hupata mbunge mwenye eneo kubwa zaidi la kuzunguka na barabara mbovu zaidi za kuwafikia.