Kiunganishi Kinzani, si cha Kinyume

Mswahili anayejifunza sarufi ya Kiingereza kwa maelezo ya lugha yake huambiwa kwamba 'but', 'although' na 'yet' ni "viunganishi vya kinyume". Kisha hutakiwa kutunga sentensi. Naye, kwa kuwa ameambiwa kinyume, hutafuta maneno yaliyo kinyume: mrefu lakini mfupi, tajiri lakini maskini. Kosa si lake. Istilahi ndiyo iliyompoteza.

Kinyume ni neno lenye udugu na nyuma, na udugu huo bado unaonekana katika kinyumenyume, mwendo wa mtu anayerudi bila kugeuza uso. Pwani, kinyume ni pia jina la mchezo wa kupindua silabi, ya mwisho ikaletwa mbele. Darasani, kinyume cha juu ni chini na cha usiku ni mchana. Kote huko kinyume ni kupindua: kimoja kikisimama, cha pili hakina nafasi. Sasa na itazamwe sentensi "Ni maskini lakini mkarimu". Kinyume cha umaskini ni utajiri, na hapa hakuna tajiri. Umaskini upo, ukarimu upo, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kinachogongana na ukarimu ni yale ambayo msikilizaji aliyatazamia mara aliposikia neno maskini.

Mgongano wa namna hiyo una kitenzi chake cha siku nyingi: kukinzana. Istilahi inayostahili, basi, ni kiunganishi kinzani.

Kukinza ni kupinga, kusimama mbele ya kinachokuja. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana, zinapatikana pande mbili zinazokabiliana, na hakuna uliofutwa. Walioandika fizikia kwa Kiswahili waliligundua hilo mapema: ukinzani wa waya huupunguza mkondo wa umeme, na umeme hupita. "Ingawa mvua ilinyesha, harusi ilifanyika" ni sentensi ya aina hiyohiyo. Mvua ilikinza, harusi ikapita. Hata Kilatini, kilichowapa Waingereza jina lao la viunganishi hivi, kilianzia kwenye adversus, yaani aliyegeuka kumwelekea mwenzake. Ni uso kwa uso. Waliochagua kinyume walikwenda kutafuta nyuma mahali palipotaka uso.

Wapo waliopendelea "pinzani", na neno hilo lingefaa kama siasa hazikuwa zimelichukua. Leo mtoto akilisikia huwaza vyama na uchaguzi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipeleka kinzani mbele ya kikao cha istilahi, akajibiwa kwamba ni gumu kwa wanafunzi. Kikao hichohicho kikapitisha "kiunganishi cha kuonyesha hali ya kinyume", maneno sita badala ya mawili. Hakuna mjumbe aliyeeleza ugumu wa kinzani uko wapi, na hadi leo mwandishi hajaridhika.

Asili ya viunganishi vyenyewe inaunga mkono hoja. 'But' ya Kiingereza cha kale ilikuwa butan, maana yake "nje ya". Kutoka hapo ikawa "isipokuwa", ndipo ikafika kwenye "lakini". Ila ya Kiswahili, iliyotoka Kiarabu, imepita njia hiyohiyo: "wote walikuja ila Juma", kisha "nilimwona, ila sikumsalimia". (Ila yenye maana ya dosari ni ya mzizi mwingine wa Kiarabu, ingawa wengi huziunganisha.) Lakini nayo ni ya Kiarabu, na ndugu yake walakini amekuwa nomino kamili: jambo lenye walakini lina kasoro, na bado ni jambo, halikutanguliwa. Ingawa ni ya Kibantu. Ndani yake mna -nga-, kiambishi ambacho mwanasarufi Ashton alikieleza katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, na -wa ya kuwa. Maana yake ni kukubali kwanza kwamba jambo liko hivyo, kisha kuendelea.

Bali peke yake inadai chumba chake. "Si mvivu bali mgonjwa" hufuta uvivu na kuweka ugonjwa mahali pake, na hapo kukinzana hakupo, kuna kusahihisha. Kiingereza hutumia 'but' kwa kazi zote mbili, ndiyo maana wafasiri wenye haraka huandika "si mvivu lakini mgonjwa", sentensi inayomkwaruza sikio kila aliyekulia katika Kiswahili.

Kuhusu matumizi: "Ingawa alichelewa, lakini alipokewa" husikika kila siku katika Kiswahili, ila Kiingereza sanifu hakikubali 'although' na 'but' zibebane hivyo, moja lazima iachwe, na 'however' inayounganisha sentensi mbili kamili hutanguliwa na nukta au nuktamkato, ikafuatwa na mkato.