Nani Aliyeandikwa Daftarini

Vijana wanaoanza kazi katika idara yetu hunijia na swali moja. Wamefungua takwimu za wilaya, wameona idadi ya wagonjwa wa akili inapanda mwaka hadi mwaka, basi wananiuliza: "Bibi, zamani wazimu ulikuwa mchache?" Mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili. Nilisomea Mirembe, Dodoma, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza mkoani Morogoro, katika zahanati na vituo vya afya vya upande wa Kilombero na Ulanga. Swali lao halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana. Ukitaka kuisoma takwimu ya wagonjwa wa akili, ujue kwanza nani alishika kalamu, na mgonjwa alipita mlango gani hata akafika mbele yake.

Mlango wa kwanza nchini mwetu ulifunguliwa Lutindi, juu katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamejenga huko makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kwa koloni lililoanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika, hiyo ilikuwa nyumba moja ya watu wachache. Waingereza walipotawala walijenga hospitali ya Mirembe, ikafunguliwa 1927. Dodoma iko kwenye reli ya kati, na njia ya kufika wodini ilipitia kwa hakimu na askari. Hadi leo waliotenda makosa ya jinai wakiwa wagonjwa huwekwa Isanga, jirani pale.

Basi tazama nani aliyepita mlango huo. Ni yule aliyerusha mawe sokoni, aliyetembea uchi stesheni, aliyechoma nyumba ya jirani. Serikali ilimwona kwa sababu alivuruga amani. Mama aliyefiwa na watoto wawili kwa mpigo, akaacha kula, akaacha kusema, akakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba mpaka majirani wakazoea, huyo hakumsumbua jumbe wala bwana shauri. Hakuna askari aliyemfuata, kwa hiyo hakuna karani aliyemwandika. Takwimu za wazimu za Tanganyika kwa miaka hiyo yote zilikuwa ni hesabu ya vitanda vya Mirembe.

Jambo hili si dogo. Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na hospitali ya Mathari, na mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa daktari aitwaye J. C. Carothers, ambaye hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili alipoanza. Aliwatazama wagonjwa waliokuwa wakiletwa Mathari, akahesabu maradhi yao, akaona wenye sonona ni wachache mno. Kutokana na hesabu ya namna hiyo alihitimisha kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na akaenda mbali zaidi, akadai kwamba ubongo wetu sehemu ya mbele haufanyi kazi kama wa Mzungu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, na kikasomwa kama elimu. Mimi nakiita hukumu iliyotolewa bila kuwasikiliza wenye shauri. Mtu mwenye sonona havunji dirisha la duka. Anakaa ndani. Ukihesabu walioletwa na askari peke yao, lazima upate hesabu ya ghasia, na huzuni isionekane kabisa.

Uhuru ulipokuja, Mirembe ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wa Azimio la Arusha, vikaanzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili vya kilimo, ambako mgonjwa aliyetulia alikwenda kuishi, mara nyingi pamoja na ndugu yake, akilima na kufuga huku muuguzi akimfuatilia. Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, ni kimojawapo. Vikuruti, upande wa Chamazi, Dar es Salaam, ni kingine. Nilipokuwa mwanafunzi nilivutiwa sana na wazo la Hombolo. Mgonjwa anaamka, anachukua jembe, anarudi jioni akiwa amechoka kama watu wengine, na ndugu yake amejifunza kumpa dawa. Bado nasema lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyoletwa baadaye kwa fedha nyingi. Lakini kijiji nacho kilipokea waliokwisha kupita hospitali, na waliobaki majumbani waliendelea kubaki gizani.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inajifunza kuzungumza na watu wake kuhusu afya. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Waliokuwapo wanakumbuka: watu wamekaa chini ya mwembe na redio moja katikati, kiongozi wa kikundi ameshika kijitabu, wanasikiliza kipindi, wanajadili, wanasimama kwenda kuchimba vyoo. Inakadiriwa watu wazima milioni 2 walishiriki. Walizungumza malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, kuhara na maji safi. Maradhi ya akili hayakuwamo. Nimelifikiria sana pengo hilo, kwa maana sijawahi kuona tena Watanzania wengi namna ile wakizungumzia afya kwa pamoja, na mada moja tu ya ziada ingetosha kumtoa mgonjwa nyuma ya nyumba.

Badiliko la kweli nililishuhudia kwetu Morogoro. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulikuwa umetangaza afya ya msingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ikaanza mpango wa taifa wa afya ya akili katika mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: mgonjwa wa akili atibiwe pale anapotibiwa mgonjwa wa malaria, na mhudumu yuleyule. Waganga na wauguzi wa zahanati wakafundishwa kutambua maradhi machache, kila moja na dawa zake, na wajue ni nani wa kupelekwa wilayani. Klopromazini na fenobabito zikaanza kufika kwenye kabati la zahanati, mahali ambapo zamani ungekuta aspirini, klorokwini na penisilini.

Zahanati niliyopangiwa wakati huo ilikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, safu zake zimechorwa kwa rula: tarehe, jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Nililisoma kurasa za nyuma usiku kwa taa ya chemli, maana nilitaka kujua niko kwa watu gani. Kulikuwa na wanawake wanaorudi kila baada ya wiki mbili tatu. Safu ya ugonjwa inasema kichwa, kisha mwili mzima, kisha malaria, kisha moyo kwenda mbio, kisha tena kichwa. Dawa ni aspirini, klorokwini, aspirini. Hakuna mahali palipoandikwa kitu kingine, kwa sababu daftari halikuwa na neno la kitu kingine.

Mmoja wao alikuja asubuhi moja, mama wa makamo, akakaa kwenye benchi ameshika kichwa. Nikamwuliza kama tulivyofundishwa: "Unalala, mama?"

Akanitazama muda. "Silali, mwanangu. Tangu mwaka ule wa mafuriko silali."

Tulizungumza mpaka foleni ikaanza kulalamika. Alikuwa amepoteza shamba, kisha mtoto, kisha mume akahama. Siku hiyo niliandika sonona katika safu ya ugonjwa, na mganga wangu akaja akaniuliza hilo ni jambo gani. Mwisho wa mwezi, fomu yetu ilionyesha mgonjwa wa akili pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na sifuri. Wilayani waliona ugonjwa umeingia kijijini, kumbe mama yule alikuwa nao miaka mingi. Kilichoingia kijijini ni swali.

Ndiyo maana nawasihi vijana wasitishwe na mstari unaopanda. Zahanati iliyofundishwa na kupewa dawa itaandika wagonjwa wengi. Dawa zikikatika miezi mitatu, wagonjwa hawaji, na takwimu zinashuka kana kwamba watu wamepona. Nimeona hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa niseme habari za Mahenge, kule Ulanga, maana huko ndiko nilikojifunza hesabu inaweza kumfanyia mgonjwa nini. Kifafa, hapa kwetu, kimehudumiwa na kliniki za akili kwa miaka yote hiyo. Milimani Mahenge, kwa Wapogoro, kilikuwa kingi tangu zamani. Watu waliogopa kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Akianguka, wanakimbia, akianguka motoni, anaungua bila wa kumvuta. Wapo waliokula kwa chombo chao peke yao na kulala kibanda cha pembeni. Kulikuwa pia na watoto ambao kichwa kilianguka mbele kidogo kidogo, na wazee wakasema amesinzia kichwa, wakijua kifafa kiko njiani.

Karibu na mwaka 1960 daktari mwanamke mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Alitumia fenobabito, dawa ya bei ndogo, na watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakaacha kuanguka. Habari zikatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na wagonjwa waliofichwa wakajitokeza. Hata hivyo kliniki ilijua waliokuja tu.

Kisha ikafanyika kazi ambayo mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko zote katika historia hii. Wataalamu wa Muhimbili, wakiongozwa na H. T. Rwiza, wakawatuma wanafunzi wa udaktari na wauguzi katika vijiji 11 vya Ulanga, waende kwenye kaya na dodoso mkononi. Hawakukaa kusubiri mlangoni. Waliulizia habari za watu wapatao 18,000, wakawapata wenye kifafa 207. Matokeo yalichapishwa 1992: wenye kifafa kinachoendelea walikuwa 10.2 katika kila watu 1,000. Jambo kubwa zaidi ni tofauti kati ya vijiji, kwa kuwa kimoja kilikuwa na 5.1 na kingine 37.1 katika kila 1,000. Wilaya ileile, lugha ileile, ugali uleule. Tofauti ya namna hiyo haielezeki kwa laana ya ukoo. Inakulazimisha utazame mto, nzi, maji na mifugo. Watafiti waliofuata wameutazama usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi, na wameuona ukiandamana na kifafa katika milima ile. Dawa ya usubi inagawiwa vijijini. Pasipo hesabu ya nyumba kwa nyumba, tungekuwa bado tunabishana kuhusu mizimu.

Upo mlango mwingine ambao madaftari yetu hayajawahi kuufikia, nao ni wa mganga wa tiba asili. Mtafiti Ngoma na wenzake walikwenda Dar es Salaam wakawapima kwa kipimo kimoja watu waliofika kliniki za kawaida na watu waliofika kwa waganga wa tiba asili. Matokeo yao ya 2003 yalionyesha kwamba wenye sonona, wasiwasi na maradhi yanayofanana nayo walikuwa asilimia 24 katika kliniki, na asilimia 48 kwa waganga. Mtu mmoja kati ya wawili kwenye foleni ya mganga! Nikisoma tarakimu hizo namkumbuka Carothers na unadra wake wa sonona. Wagonjwa walikuwapo wakati wote. Walikuwa wamekaa kwenye uwanja ambao yeye hakuukanyaga, wakizungumza na mtu aliyekuwa tayari kuwasikiliza kuanzia asubuhi hadi jioni.

Tangu miaka ya 1990 tunao mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA, na vitabu vyake vina nafasi za maradhi ya akili, jambo ambalo ni hatua kubwa ukilinganisha na daftari langu la safu za rula. Muuguzi anapiga tali, wilaya inajumlisha, mkoa unapeleka wizarani. Ila MTUHA nao unamhesabu aliyefika.

Na wapo wasiofika kwa sababu sheria inawafukuza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nimepokea vijana usiku, ndugu zao wanaapa kwamba ni ajali, macho yao yako mlangoni wakihofia polisi. Muuguzi anaandika ajali. Mwisho wa mwaka wataalamu wanauliza mbona idadi ni ndogo, halafu mipango inapangwa kwa idadi hiyo ndogo, na kijana yule anarudi nyumbani bila mtu wa kumfuatilia. Kenya walikuwa na kifungu cha aina hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Halmashauri zitenge fedha ili angalau mara moja katika miaka michache wauguzi waende nyumba kwa nyumba kama walivyokwenda Ulanga, na wapite pia kwa waganga wa tiba asili kwa heshima. Na Bunge letu likifute kifungu cha 217, ili anayenusurika aandikwe na muuguzi kwa jina la ugonjwa wake, atibiwe.