Panya Asiyetoa Kortisoli: Uchaguzi wa Mnyama katika Utafiti wa Tezi Adrenali

Tezi adrenali za binadamu, zilizoketi juu ya figo, zina gamba lenye tabaka tatu. Tabaka la nje hutoa aldosteroni, ambayo husimamia chumvi na msukumo wa damu. La kati hutoa kortisoli, inayopanda mwili unapokabiliwa na njaa, ugonjwa au hofu. La ndani hutoa androjeni hafifu, hasa DHEA na salfeti yake, DHEAS. Zote tatu zinatokana na kolesteroli. Kinachozitofautisha ni vimeng'enya vilivyomo katika kila tabaka. Kimoja kati ya vimeng'enya hivyo, CYP17A1, kinastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa ndicho kinachoamua ni mnyama gani anaweza kusimama badala ya binadamu na katika swali lipi.

CYP17A1 hufanya kazi mbili. Kwanza hutia kundi la haidroksili kwenye kaboni ya 17 ya steroidi, hatua ambayo bila yake kortisoli haipatikani. Kisha, ikisaidiwa na protini iitwayo saitokromu b5, hukata sehemu ya molekuli hiyo na kuzalisha DHEA. Katika panya wa maabara, wa spishi ndogo na wa spishi kubwa (hapa panya mdogo na panya mkubwa), gamba la tezi ya mnyama mzima halina kimeng'enya hiki. Kwa panya mdogo huonekana kwa muda mfupi tu wakati wa ukuaji wa kijusi, kisha hutoweka. Matokeo yake ni mawili: homoni kuu ya msongo kwa panya ni kortikosteroni, na tezi zake hazitoi androjeni za maana.

Jambo hilo halikuwazuia wanasayansi kumtegemea panya. Mwaka 1936 Hans Selye alitumia panya wakubwa kueleza jinsi tezi adrenali zinavyovimba na tezi ya thaimasi inavyonywea mwili unapoteswa kwa muda mrefu. Kwa maswali ya aina hiyo kortikosteroni inatosha, maana hufanya kupitia kipokezi kilekile kazi ambayo kortisoli hufanya kwa binadamu. Ugumu huanza pale swali linapohusu steroidi zenyewe na njia zinakopita.

Mfano ulio wazi zaidi ni ugonjwa wa kuzaliwa nao wa upungufu wa kimeng'enya cha 21-haidroksilasi. Kwa binadamu, mabadiliko katika jeni ya CYP21A2 huziba njia ya kortisoli na mara nyingi ya aldosteroni pia. Tezi pituitari, isipopata kortisoli ya kuizuia, huzidi kutoa ACTH, homoni inayochochea tezi adrenali. Tezi adrenali hukua, na malighafi iliyorundikana hugeuzwa kuwa androjeni. Ndiyo sababu mtoto wa kike huweza kuzaliwa na viungo vya nje vinavyofanana na vya kiume. Panya mdogo mwenye hitilafu ya jeni hiyohiyo hufa mapema baada ya kuzaliwa asipopewa homoni, lakini panya jike haoneshi dalili za kiume. Kwake malighafi haina pa kwenda: kinachorundikana ni projesteroni. Anayesoma ugonjwa huu kwa panya pekee anaona nusu yake, na nusu inayokosekana ndiyo hasa inayowasumbua wagonjwa na familia zao.

Kufanana kwa sura nako kunaweza kupotosha. Kijusi cha binadamu kina sehemu kubwa ya ndani ya gamba inayozalisha DHEAS kwa wingi, ambayo kondo la nyuma huitumia kutengeneza estrojeni. Sehemu hiyo hunywea baada ya kuzaliwa. Panya mdogo ana tabaka liitwalo X, ambalo pia hutoweka: kwa dume wakati wa kubalehe, kwa jike katika mimba ya kwanza. Ulinganisho unavutia, lakini tabaka hilo halitoi DHEAS.

Hata hivyo, haifai kumtupa panya. Uwezo wa kuondoa jeni moja na kutazama kinachofuata umeleta maarifa ambayo mnyama mwingine asingeyatoa kwa urahisi. Mwaka 1994 ilibainika kwamba panya wasio na jeni ya protini SF-1 huzaliwa bila tezi adrenali wala tezi za uzazi. Mwaka 1997 panya waliondolewa jeni ya StAR, protini inayoingiza kolesteroli katika mitokondria, na wakaonesha picha iliyokaribiana sana na ugonjwa wa binadamu wenye chanzo hichohicho. Hapo hatua inayochunguzwa iko juu ya CYP17A1, hivyo tofauti ya spishi haiharibu hoja.

Wanyama wengine wadogo huziba pengo kwa viwango tofauti. Simbilisi hutoa kortisoli, lakini kwa wingi usio wa kawaida, na kipokezi chake huishika homoni hiyo kwa ulegevu. Vipimo vya damu yake havilinganishwi moja kwa moja na vya binadamu. Sungura anafundisha zaidi. Kwa kawaida hutoa hasa kortikosteroni, lakini akipewa ACTH kwa muda mrefu huelekea kwenye kortisoli.

Aliye karibu zaidi na mahitaji ya swali la androjeni ni panya-miiba, Acomys cahirinus. Tezi zake hutoa kortisoli na DHEA pia, na uzalishaji huo huanza kabla ya kuzaliwa. Mimba yake huchukua siku 39 hivi, takriban maradufu ya ile ya panya mdogo, na watoto huzaliwa na manyoya, wakiwa wamekomaa kiasi cha kutembea upesi. Jenasi hiyo inaishi Afrika Mashariki pia: utafiti wa mwaka 2012 kuhusu uwezo wa kuotesha ngozi upya ulitumia spishi mbili za Kenya, Acomys kempi na Acomys percivali, ingawa matokeo ya homoni ya spishi moja hayapaswi kuhamishiwa nyingine bila kupimwa. Gharama ya kumtumia panya-miiba ni kwamba huzaa watoto wachache, na zana za kijenetiki ni haba zikilinganishwa na zile za panya mdogo.

Vipimo navyo vinahitaji uangalifu. Panya hukesha, hivyo homoni yake hufika kileleni jioni, ilhali ya binadamu hufika asubuhi. Aidha, kumshika tu mnyama hupandisha kortikosteroni ndani ya dakika chache. Makala inayotangaza kiwango cha kortisoli ya panya mdogo inapaswa kusomwa kwa shaka, kwa sababu kingamwili za vifaa vya kupimia huweza kunasa steroidi nyingine zinazofanana nayo.

Mwaka 2024 alitangazwa panya mdogo aliyewekewa jeni ya binadamu ya CYP21A2 yenye hitilafu, naye, tofauti na watangulizi wake, huishi hadi utu uzima. Ni chombo kizuri cha kujaribia tiba ya upungufu wa homoni. Gamba lake bado halina CYP17A1, kwa hiyo suala la androjeni za ugonjwa huo litahitaji mnyama mwingine, au seli za binadamu kama zile za H295R, zilizotokana na saratani ya gamba la adrenali na zenye uwezo wa kutengeneza homoni za tabaka zote tatu.