SOMO LA REDIO: BWERANYANGE NA MAJI YA MOTO YA MTAGATA

Keti karibu na taa, ufungue ukurasa huu, ufuate maneno polepole. Ukikuta neno gumu, usione haya. Rudi nyuma ulisome tena. Somo la leo ni la nchi ya Karagwe, ambayo sasa ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Makao ya wafalme

Wazee wa Kinyambo husimulia kwamba ufalme wa Karagwe ulianzishwa na Ruhinda, na wafalme wa ukoo wake waliitwa Bahinda. Makao yao makuu yalikuwa Bweranyange.

Katikati ya karne ya 19 mfalme Ndagara alifariki, na wanawe watatu wakagombea kiti. Yasimuliwa kwamba iliwekwa ngoma ndogo mbele yao, wakaambiwa waiinue. Wengine walishindwa, lakini Rumanyika aliiinua kwa kidole kimoja. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake Rogero alimpiga vita, na Rumanyika akashinda kwa msaada wa bunduki za mfanyabiashara Musa Mzuri, naye akalipa kwa pembe za ndovu. Wakati huo Karagwe ilikuwa njia kuu ya biashara baina ya Unyanyembe na Buganda, na wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, Speke na Grant. Rumanyika aliwapokea kwa heshima. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alibaki hadi Aprili kwa sababu alikuwa mgonjwa wa mguu. Kutoka vilima vya Karagwe Speke aliona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, ambavyo ni milima ya volkeno.

Baadaye mambo yaligeuka. Rumanyika alipokufa, jamaa walianza tena kugombea kiti. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliua ng'ombe wengi mno. Katika nchi ambayo ng'ombe ni mali, mahari na heshima, hilo lilikuwa pigo kubwa.

Maji yatokayo moto

Sasa twende Mtagata, katika wilaya ya Kyerwa. Huko maji ya moto hutoka ardhini, hapana kuni wala jiko. Mwaka 1876 Stanley alifika huko, akakuta watu wakioga ili wapone maradhi yao. Alipima maji, akaona yale ya moto zaidi yafikia digrii kama 54 za Selsiasi. Akatia maji katika chupa ili yapimwe Uingereza.

Moto huo watoka wapi? Mvua ikinyesha, maji mengine huingia katika nyufa za mawe na kushuka chini sana. Mahali pengi ardhi huongezeka joto kadiri ya digrii 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja uteremkayo. Maji yakipata joto huko chini, hupanda tena kwa nyufa nyingine. Mahali pengine joto hilo hutoka katika volkeno. Ndivyo ilivyo katika Ischia, kisiwa kidogo cha Italia katika bahari ya Mediterania, ambako watu wameoga maji ya moto tangu zamani.

Maji ya moto hulegeza viungo na kupumzisha mwili. Lakini hayaui malaria wala kifua kikuu. Mgonjwa asicheleweshwe huko. Apelekwe hospitali kwanza. Wala usimwache mtoto aingize mguu kabla ya wewe kuyajaribu.

Kwa nini usome haya?

Fikiri, ndugu yangu. Mengi tuyajuayo juu ya Rumanyika kwa maandishi yaliandikwa na wageni. Mgeni huandika alichokiona, na alichoelewa. Asichoelewa hukiacha, au hukikosea. Wenyeji walikuwa na habari zao, lakini walizitunza vichwani, na kichwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Sasa wewe unajua kuandika. Nenda kwa mzee wa kijiji chako, umpe salamu, umwulize: Jina la kilima hiki latoka wapi? Nani alilima hapa kwanza? Andika maneno yake kama anavyoyasema, kisha umsomee, naye atakusahihisha. Andika pia tarehe. Hata ukurasa mmoja watosha kuanza.

Maneno ya kujifunza
Sotoka: ugonjwa mkali wa ng'ombe ulioenea upesi na kuua wengi.
Volkeno: mlima au mahali ambapo moto na mawe yaliyoyeyuka hutoka chini ya ardhi.
Ufa (nyufa): nafasi nyembamba katika jiwe au ukuta.

Maswali
1. Kwa nini ngoma haikumaliza ugomvi wa wana wa Ndagara?
2. Eleza jinsi maji ya Mtagata yanavyopata moto.
3. Mgonjwa wa malaria apelekwe wapi kwanza?
4. Andika mistari mitano uliyoisikia kwa mzee wako, uilete darasani.

Kwa heri, hadi somo lijalo.