Kompyuta ya Hazina na kikoba cha mama

Nilipotea kidogo, UE ilinibana kweli kweli. Sasa niko nyumbani Kibaha, ngoja niwape historia iliyonikuta sebuleni.

Mama ni mweka hazina wa kikoba. Mwaka jana nilimwekea mahesabu kwenye Excel, nikajiona mtaalamu. Jumapili iliyopita kompyuta ikasema sandukuni pamepungua 240,000. Kina mama wakanyamaza, wote wanamtazama mama. Naye akanitazama mimi. Jamani, usiombe yakukute.

Aliyetuokoa ni shangazi, alikuja kutoka Kisarawe na daftari lake. Limeandikwa wazi: alikopa 150,000. Kwenye Excel jina lake lipo, mstari wa 21. Mwenzake aliyekopa 90,000 yuko wa 22. Fomula yangu ya jumla ya mikopo iliishia mstari wa 20! Hao wawili walikopa baadaye, nikawaongeza chini bila kugusa fomula. Mama alikuwa anaonekana mwizi kwa uzembe wangu.

Usiku nikakumbuka kisa cha nchi yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye wakajaribu kuhamishia mahesabu ya Serikali kwenye kompyuta. Mambo yakaharibika, pesa nyingi zikapotea, ikabidi warudi kwenye hesabu za mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tukisikia hivyo huwa tunacheka, eti wazee waliogopa mashine. Mimi sicheki tena. Wazalendo waliojua kuiendesha na kuikagua walikuwa wachache mno, wageni ndio waliotegemewa. Mashine usiyoweza kuikagua ni sawa na mweka hazina asiyeulizwa.

Ila marufuku nayo si dawa, maana kosa ni la binadamu. Hata Harvard yamewakuta. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi kama sisi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akifanya kazi ya darasani, aligundua kwamba maprofesa Reinhart na Rogoff waliacha nchi tano nje ya fomula ya wastani. Makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya serikali ilishatumiwa na wanasiasa kutetea kubana matumizi. Kosa lao na langu ni ndugu: fomula iliishia njiani.

Basi kikoba chetu kimeweka taratibu. Jina jipya linaingizwa katikati ya orodha, si chini yake. Visanduku vya fomula vimefungwa. Mmoja anaingiza, mwingine anasoma kwa sauti kutoka daftarini. Na kabla ya kufunga sanduku, tunahesabu majina kwenye orodha na yale yaliyojumlishwa, yalingane.

Nilimwomba mama radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Mwanangu, kesho utajaza maksi za watoto wa watu. Utaangalia?"

Nitaangalia, mama. Nanyi walimu watarajiwa wenzangu, BTP hiyo yaja. Tuangalie.