Tambi za Sikukuu: Somo Zima Ndani ya Sufuria Moja

Likizo imefika, watoto wako nyumbani, huku kwetu Maramba kama huko kwenu Pemba na Unguja. Kabla ya kufungua madaftari, wapikieni tambi, kisha waulizeni: hizi zimetoka wapi?

Wakubwa watajibu kwamba ni za Wachina, na aliyezisambaza ni Marco Polo. Hadithi hiyo mimi siipendi, maana inawaruka Waislamu na mabaharia wote wa katikati. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Al-Idrisi, mwanajiografia Muislamu, aliandika mwaka 1154 kwamba mji wa Trabia huko Sisilia ulitengeneza itriya, yaani tambi za ngano, kwa wingi hata zikapakiwa vyomboni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Hapo mtoto apige hesabu: 1295 utoe 1154. Miaka 141! Halafu aulize kwa nini hazikuoza safarini. Zilikaushwa, na ukungu hauoti pasipo maji.

Wachina nao wana haki yao. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba huko Lajia limefukuliwa bakuli lenye tambi za miaka kama 4,000, za nafaka ya jamii ya uwele. Wataalamu wengine walibisha, wakasema unga huo hauvutiki. Msiwaamulie watoto. Wapeni unga wa uwele na wa ngano, wakande, wavute, waone upi unakatika.

Na kwetu? Ngano haistawi Pwani, basi lazima ililetwa. Fungueni ramani, waonyesheni kaskazi inavyosukuma majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi inavyoyarudisha. Wahindi wana seviyan zao za Idi, za maziwa na sukari, na kwa macho yangu zetu ni ndugu wa karibu wa hizo. Ila sisi tumetia tui. Iliki haitoki mbali, inalimwa Usambara Mashariki, milima tunayoiona hapa kila asubuhi. Jina nalo ni la nyumbani: utambi mmoja, tambi nyingi, kama za taa ya mafuta. (Mwanafunzi wa darasa la tatu akijua hilo, ngeli ya U haimsumbui tena.)

Zile za pakiti za dakika tatu ni za juzi tu. Momofuku Ando wa Japani alizitoa mwaka 1958, akizikaanga ili maji yatoke na mafuta yaache vitundu vya kupitishia maji moto baadaye. Nasi tunakaanga tambi kabla ya kutia tui, lakini twataka rangi, harufu, na zisigande. Waacheni wakaange nusu, nusu wachemshe hivi hivi, waonje zote mbili.