Kasoro Zilizoijenga Fani ya Kurenda

Mwaka 1972, Edwin Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alitengeneza kielelezo cha plasta cha mkono wake wa kushoto, akachora juu yake pembetatu na poligoni ndogo zipatazo 350, kisha akaingiza vipimo vyake kwenye kompyuta. Yeye na mwenzake Fred Parke wakapata filamu fupi ya mkono unaokunja vidole, na mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiteua kuwa miongoni mwa filamu za kuhifadhiwa. Heshima hiyo ni ya haki, ila tukiisifu kama kipaji cha mtu mmoja tunapotosha historia. Kurenda, yaani kuzigeuza namba kuwa picha, ni fani iliyokua kwa kasoro: kila mwanafunzi alirekebisha kilichomshinda mwenziwe.

Mfululizo wa marekebisho hayo unathibitisha hilo. Umbo la poligoni hutoka na pembepembe, kila kipande na rangi yake. Mwaka 1971, hapohapo Utah, Henri Gouraud alikokotoa mwanga kwenye kona tu, kisha akausambaza polepole kati yake, hata mipaka ya vipande ikafifia. Lakini mng'ao ulioangukia katikati ya kipande ulipotea, kwa kuwa haukugusa kona yoyote. Mwaka 1973 Bui Tuong Phong akasambaza uelekeo wa uso badala ya mwanga, na kukokotoa mwanga katika kila nukta. Likabaki swali la kipi kikifiche kipi. Katika tasnifu yake ya 1974, Catmull aliipa kila nukta namba ya umbali, ili kilicho karibu na mtazamaji ndicho kibaki. Mwaka huohuo Wolfgang Straßer, mjini Berlin, alifikia wazo hilohilo katika tasnifu yake. Tatizo lenyewe ndilo lililowaongoza wote wawili.

Wapo watakaosema kilichojenga Utah ni fedha za wizara ya ulinzi pamoja na walimu David Evans na Ivan Sutherland. Ni kweli, bila hivyo mashine zisingepatikana. Hata hivyo, fedha hununua muda wa kutafuta. Cha kutafutwa kilionyeshwa na picha iliyoharibika. Wengine watasema siku hizi programu hufanya yote, na mwanafunzi anahitaji tu kujua kitufe cha kubonyeza. Basi na tutazame nyuso mbili zilizolaliana mahali pamoja, zikimetameta kila kamera inaposogea. Hiyo ni kasoro ya namba ya umbali ya 1974, ambayo usahihi wake una kikomo. Anayelijua hilo huzitenganisha nyuso hizo kidogo na kuendelea. Anayenakili mipangilio ya mtu mwingine atakutana na kasoro ileile katika tukio linalofuata. Kwa hiyo vyuo vinavyofundisha uhuishaji vitoe alama kwa filamu iliyokamilika, na vitoe alama pia kwa mwanafunzi anayeeleza kwa nini fremu yake iliharibika, maana maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyoifikisha fani hii hapa ilipo.